Kisanduku Kilicholia kwa Kuchelewa

Saa moja asubuhi, mtaa wa Biryogo, Kigali. Vumbi la Julai limeshaamka, mama muuza chapati wa kona ameshapata wateja wake wa kwanza, na Shafiq Hemedi amekaa nyuma ya meza yake ya kutengenezea redio akiwa ameibana saa ya mkononi kwenye sikio la kushoto. Sikio la kulia ameliziba kwa kidole. Anaisikiliza saa kwa makini, kisha anaiweka mezani, anachukua kikopo cha plastiki kinachotosha kiganjani, anachomeka waya wake sikioni na kusikiliza tena.

Kikopo kinapiga mluzi. Shafiq anakichomoa upesi, anakunja uso, anakifungua na kurudisha pasi ya kulehemu kwenye jiko la makaa.

Redio chache za wateja zimelala kwenye rafu, zimeanza kushika vumbi. Mwaka juzi rafu hiyo ilikuwa inafurika, na waliokosa nafasi waliacha redio zao chini, miguuni pa fundi. Siku hizi akipata kazi moja ya faranga mia tatu anamshukuru Mungu, na ziko siku anafunga kibanda bila hata hiyo moja. Lakini asubuhi hii hashughuliki na redio ya mtu. Anatengeneza kifaa cha kumsaidia binadamu mmoja kusikia.

Binadamu huyo ni Viateur Gasana, zamani dereva wa gari la maziwa, rafiki wa fundi kwa miaka mingi. Sikio lake moja limekufa na la pili linasikia kwa kubahatisha. Shafiq anaamini kwamba kosa ni lake yeye, na hakuna aliyefanikiwa kumtoa kwenye imani hiyo.

"Mimi sikumupiga," anasema, macho yakiwa kwenye waya. "Lakini ile kitu iko mimi niliweka ndani ya gari."

Ili kuielewa "ile kitu", inabidi turudi nyuma kidogo, wakati ambapo madereva wa Kigali walikuwa na adui mmoja tu, naye alikuwa mashine ya kupimia mwendo.

Mashine hiyo askari wa barabarani huielekeza kwenye gari linalokuja. Inatupa mawimbi yasiyoonekana, yanagonga bati, yanarudi, na kabla dereva hajakanyaga breki namba imeshatokea. Ilipoletwa hapa iliwaumiza watu vichwa. Kila kijiwe cha madereva kikawa na dawa yake. Wako waliofunga utepe wa kaseti kwenye antena ili upepee na kuichanganya mashine. Wako waliojaza karatasi za ndani ya pakiti za sigara kwenye vifuniko vya magurudumu. Dereva mmoja wa teksi wa Nyamirambo aliipaka pua ya gari lake masizi, kwa kuwa aliambiwa rada haioni kitu cheusi. Alikamatwa siku hiyo hiyo, akalipishwa faini ya mwendo na nyingine ya taa chafu.

Shafiq alikuwa anawacheka. Babu yake alitoka Tabora na msafara wa wafanyabiashara wa nguo na chumvi, hakurudi, na ukoo mzima ukabaki Biryogo ukishona na kuuza. Yeye peke yake ndiye aliyependa nyaya. Alijifunza kazi kwenye duka la Mhindi mmoja mjini, kwa kufagia kwanza na kushika bisibisi baadaye, na dawa za masizi na utepe hazikuwa za mtu wa aina yake. Yeye alitaka kitu chenye maelezo.

Kitu hicho alikiletewa na dereva wa lori la masafa marefu, kutoka upande wa Mombasa. Kilikuwa kisanduku kidogo chenye taa nyekundu. Unakiweka mbele kwenye kioo, kinasikiliza mawimbi ya mashine ya askari, na kikiyasikia kinalia. Hakina kazi nyingine. Shafiq hakukiamini mpaka alipopanda gari la jirani wakaelekea Kabuga, nje ya mji. Kabla ya kona kisanduku kilianza kupiga kelele, jirani akapunguza mwendo, na walipokata kona wakamkuta adjudanti Niyonzima wa askari wa barabarani amesimama na mashine yake, anawatazama wakipita taratibu kama wanakwenda mazishini. Shafiq alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Akaagiza vingine. Madereva wakaja kwa kunong'onezana, na baada ya muda hata watoto wa mtaani walikuwa wanamwita Shafiq Radari. Jina hilo alilipenda, hafichi. Fundi wa redio ni mtu wa kawaida tu, lakini fundi anayemshinda askari anaitwa ndani kunywa chai.

Gasana hakuja kwa ajili ya sifa. Alikuwa anabeba maziwa kutoka upande wa Rwamagana, anapitia Kabuga, anayaingiza mjini kabla jua halijapanda. Maziwa hayana subira. Akichelewa yanaganda ndani ya madebe, akikimbiza sana gari anakutana na Niyonzima. Alikuwa ameshakamatwa mara mbili, na mwenye gari alishamwambia kwamba ya tatu atakabidhi ufunguo.

Shafiq akamfungia kisanduku. Ila Gasana alikuwa na wasiwasi: askari wakikiona kwenye kioo watakichukua, na yeye watamweka ndani. Hapo ndipo fundi akapata wazo ambalo leo anatamani lisingemjia. Alichukua redio ya gari iliyokufa, akatoa matumbo yake yote, akakipachika kisanduku ndani na kuirudishia uso wake na vifungo vyake. Ukiitazama, ni redio. Hakuna kazi ya mkono wake iliyowahi kutoka safi namna ile, na anapoieleza unaona bado anaijua kila skrubu, huku uso umemshuka.

Kilikuwa na kasoro moja. Gari likipita Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikawa inatua, kisanduku kililia. Ndege nayo ina rada yake puani, na kisanduku hakijui kutofautisha askari na rubani. Marafiki wale wawili waliona ni kichekesho. Gasana alizoea kupunguza mwendo, kuipungia ndege mkono na kuisalimu kama shangazi.

Oktoba mwaka jana vita vikaanza mpakani, kaskazini mashariki. Katika siku chache bariyeri, vizuizi vya wanajeshi, zikajaa kwenye barabara zote za kuingia mjini. Maziwa yakaendelea kuja, maana watu hawaachi kunywa maziwa kwa sababu ya vita, na Gasana akaendelea kuyabeba. Hakuna kati yao aliyefikiria kukitoa kisanduku. Vita vilikuwa mambo ya bunduki na kisanduku kilikuwa mambo ya faini, na vichwani mwao vitu hivyo havikuwa vimekutana.

Vilikutana asubuhi moja kwenye bariyeri ya karibu na uwanja wa ndege. Mwanajeshi alikuwa ameshika kitambulisho cha Gasana, anakisoma bila haraka. Gasana ni Mtutsi, kama walivyokuwa wengi wa waasi waliovuka mpaka, na mwezi ule neno hilo kwenye kitambulisho lilitosha kumfanya mtu asimamishwe pembeni. Pengine angesimama pembeni kidogo, akatukanwa, akaachiwa. Lakini ndege ya jeshi ikashuka juu ya vichwa vyao, na redio ya gari, ambayo ilikuwa imezimwa, ikaanza kulia.

Mwanajeshi alizungusha vifungo. Ikaendelea kulia. Akaing'oa, akaipasua kwa kitako cha bunduki, akakuta kisanduku kingine ndani chenye taa nyekundu inayowaka na kuzimika. Gasana alijitahidi kueleza kwamba ni kitu cha mashine ya mwendo, cha kukwepa faini, na waliomsikiliza walicheka. Kifaa kilichofichwa ndani ya redio, kinachopiga kelele ndege ya jeshi ikitua, ndani ya gari la mtu mwenye kitambulisho kama kile. Kwao hapakuwa na swali lililobaki, isipokuwa kinaongea na nani.

Walimchukua, kama walivyochukuliwa maelfu ya wengine mwezi ule. Gari lilikutwa mchana limeegeshwa pembeni, maziwa yamechacha kwenye madebe, na harufu ndiyo iliyomwelekeza mkewe, Mukasine, alipofika kulitafuta.

Shafiq alizipata habari siku ile ile. Alifanya nini? Alivitoa visanduku vilivyobaki akavizika ndani ya gunia la makaa, akafunga mlango na kukaa kimya. Majirani walimshauri hivyo hivyo, tena kwa nia njema: una watoto, usijitafutie balaa. Novemba ikapita. Desemba ikapita. Alikuwa anaswali, anakula, anatengeneza redio za watu waliotaka kusikia habari za vita, na kila redio aliyoifungua ilimkumbusha ile.

"Niliogopa," anasema. "Sina jina lingine la kuipa ile hali. Mwenzangu iko ndani, miye niko hapa nachoma risasi ya kulehemu kwenye waya."

Januari Mukasine alikuja kibandani. Hakuja na matusi, na Shafiq anasema angekuja na matusi ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile ambacho mumewe alizoea kukalia, akaweka mikono magotini. Alikuwa ameshazunguka ofisi zote anazozijua. Kila alikofika aliambiwa kwamba wengine faili zao zinaangaliwa, lakini ya yule wa redio ni nzito.

"Fundi, ile kitu uliiweka weye," alimwambia. "Enda useme nayo iko kitu gani. Miye nikisema, banasema ni bibi yake tu. Rwose, kweli kabisa, mutu wa kuijua iko weye peke yako."

Hakusubiri jibu. Shafiq alibaki na kile kiti kitupu, na kesho yake akavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akaenda kumtafuta mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amejigamba kumshinda.

Adjudanti Niyonzima ni mtu mnene, mpole wa sauti, aliyesimama kwenye barabara ya Kabuga miaka mingi kiasi kwamba madereva wanasema amepata rangi yake. Shafiq alitarajia kukamatwa pale pale. Badala yake askari aliachia kicheko kirefu, cha mtu ambaye hatimaye ameletewa kitu alichokingoja. Vile visanduku? Walikuwa wanavijua zamani. Mwanzoni ni kweli viliwasumbua, kwa kuwa mashine ilikuwa inawashwa asubuhi na kuachwa hivyo, na mawimbi yake yanasikika kutoka mbali. Walipogundua wakabadili mtindo. Mashine inakaa imezimwa, kidole kwenye kitufe, na gari linaachwa lije mpaka karibu. Hapo ndipo wanabonyeza. Kisanduku kinalia, bila shaka, lakini namba imeshasomwa.

"Mulinunua kengele ya kulia mwizi ameshafika kwake," Niyonzima alimwambia. Akaongeza kwamba Ulaya zimeanza kutoka mashine zinazotumia mwanga badala ya mawimbi, mwembamba kama uzi, na kwa hizo kisanduku hicho hakitasikia chochote.

Shafiq aliuliza swali lililokuwa linamsumbua: mbona Gasana hakukamatwa tena tangu alipofungiwa kile kifaa? Askari alifikiri. Yule wa maziwa? Yule alikuwa anapunguza mwendo akifika Kanombe, ndege zikimlilia, na akishapunguza alikuwa anafika mjini polepole kama mzee. Ndege ndizo zilizomwokoa na faini, alisema, na safari hii hakucheka.

Walikubaliana kufanya jaribio la kuonyesha kwamba kisanduku si kifaa cha jasusi, na Niyonzima akamleta mpelelezi wa kesi ya Gasana. Sharti lilikuwa moja, na lilitoka kwa mpelelezi: fundi atasimama barabarani, mchana, mbele ya yeyote atakayepita, na kusema kile kitu ni nini. Kwa hiyo siku moja ya Februari, kwenye kipande kilichonyooka kabla ya Kabuga, Shafiq alikitoa kisanduku kwenye gunia la makaa, akakiweka wazi kwenye kioo cha mbele cha gari la askari na kukaa pembeni ya dereva. Madereva waliosimamishwa walishuka kutazama. Wengi walikuwa wateja wake.

Gari lilikuja kwa kasi. Kisanduku kimya. Niyonzima akabonyeza, kisanduku kikalia, na namba ilikuwa imeshasimama kwenye mashine. Wakarudia. Wakarudia tena, mara hii na utepe wa kaseti kwenye antena na karatasi za sigara kwenye magurudumu, kwa sababu mmoja wa madereva aliomba. Namba ilikuwa ile ile. Mpelelezi akauliza kama iko njia yoyote ya kukifanya kishinde. Shafiq alijua wateja wake wanasikiliza, na alijua jibu litamgharimu jina lake.

"Hapana, afande. Hakiwezi kushinda," alisema. "Hakisemi na mutu. Kinasikia tu, na kinasikia kwa kuchelewa."

Halafu wakaenda Kanombe kungoja ndege. Ilipotua kisanduku kikalia, na mpelelezi akainua uso akaifuata kwa macho mpaka ilipogusa ardhi. Shafiq akafungua mfuniko ili amwonyeshe kwamba hamna sehemu ya kupeleka sauti. Mpelelezi hakutazama ndani. Nyaya hazikumwambia kitu. Alikipima uzito mkononi, akasema hakuna mtu duniani angempa jasusi takataka kama hii, akaingia garini.

Habari zilimtangulia fundi Biryogo. Waliofungiwa visanduku walikuja kuving'oa, wengine wakamtupia mlangoni. Wako waliosema aliwauzia uongo. Wako waliosema mbaya zaidi, kwamba mtu anayepanda gari la askari na kushuka salama ana lake jambo. Jina la Radari likafa, na redio nazo zikaacha kuja. Shafiq hakujitetea, maana shtaka la kwanza lilikuwa la kweli, ingawa alipokuwa anauza alikuwa anaamini.

Gasana alitoka Aprili. Wengi walitoka mwezi huo, na hakuna aliyemwambia mtu kama ni jaribio lile lililomtoa au alitoka tu pamoja na wenzake. Shafiq hataki kuuliza. Alikwenda kumsalimu, akaongea muda mrefu kabla ya kutambua kwamba mwenzake anamtazama midomo. Katika wiki za mwanzo walikuwa wanampiga makofi ya masikio, yote mawili kwa pamoja, wakimuuliza kisanduku kinaongea na nani.

Gari lilishapata dereva mwingine. Gasana sasa anasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa kwenye ukingo wa barabara ile ile ya Kabuga aliyokuwa anaikimbiza, na hasikii gari likija nyuma. Mwezi uliopita pikapu lilimgusa bega, akaangukia mtaroni, maziwa yakatengeneza tope jeupe. Tangu siku hiyo Mukasine anatembea nyuma yake. Gari likikaribia anamvuta shati, naye anasogea pembeni. Ana shamba la kulima na watoto wa kulisha, lakini kila asubuhi yuko pale, mkono karibu na shati la mumewe.

Shafiq aliwaona siku moja wakiwa hivyo, naye hakuwasogelea. Alirudi kibandani akaanza kutengeneza kikopo.

Cha kwanza alimjaribishia wiki mbili zilizopita, kwenye kiti kile kile cha wateja. Gasana alikipokea kwa heshima, akajichomeka waya sikioni na kutabasamu kumsaidia fundi. Kikopo kikapiga mluzi. Gasana alikichomoa kwa nguvu, akaweka mikono katikati ya magoti na kuibana. Mukasine alimshika mgongo. Gasana akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe:

"Fundi, iko ile sauti."

Na ilikuwa ile. Shafiq hakuwa na spika ndogo nyingine, akatumia ya kisanduku. Hakulifikiria hilo, kama ambavyo hakuifikiria ndege. Alipowaona wanaondoka alifunga mlango akalia, na hasemi hilo kwa kuona haya.

Ndiyo maana asubuhi hii kuna simu ya zamani iliyopasuliwa mezani kwake. Spika ya kisanduku ameitupa, ameweka ya kwenye mkono wa simu, iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti za watu. Mluzi bado upo, ila umepungua, na anadhani anajua unakotokea. Ijumaa, baada ya swala, Gasana amekubali kurudi. Alimtuma mkewe aseme atajaribu mara moja tu.

Shafiq anafunga mfuniko, anachomeka waya sikioni, anaiweka saa mwisho kabisa wa meza na kufumba macho. Nje pikapu linapanda mtaa kwa gia nzito. Anafumbua macho, anageukia mlangoni, na gari bado halijaonekana.

"Sitaki kikuze sauti za dunia nzima," anasema. "Gari iwe bado iko mbali, na yeye ameshasikia, ameshatoka barabarani. Ile ya kwanza ilichelewa. Hii isichelewe. Na Mukasine abaki shambani kwake, asimuvute shati tena."